Saba vya Bluu, Saba vya Njano

Kwa miaka zaidi ya arobaini Fransiska Akonaay alingoja mtu mwenye cheti aje anuse kikombe chake. Mtu huyo alipokuja, alikuja na maboksi mawili, daftari nene na viatu visivyofaa matope, na Fransiska akampokea kama anavyopokewa mkwe: kiti chenye kitambaa, maziwa ya mgando, na kuku ambaye asubuhi ile hakuwa na habari kwamba siku ni yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema watu. Basi sikilizeni jinsi mwenyeji alivyopona.

Alizaliwa Maretadu, upande wa Mbulu, mtoto wa tano katika nyumba ya mahindi, maharage na ng'ombe wanne. Darasa la saba alimaliza akiwa wa pili kwa wasichana, na sifa hiyo ilimpatia kazi ya kumenya viazi katika jiko la misheni. Nyuma ya jiko palikuwa na bustani ya sista mzee Mjerumani aliyeitwa Hilda, mwanamke mkali kuliko pilipili, ambaye hakuruhusu mtu yeyote kukanyaga matuta yake. Siku moja alimkuta Fransiska ameinama anayanusa maua madogo meupe yenye kitovu cha njano. Wote jikoni walitega masikio wakisubiri makelele. Sista akauliza tu, "Yananukia nini?" Fransiska akasema yananukia kama tofaa lililokatwa sasa hivi. Kuanzia siku hiyo viazi walimenya wengine.

Ile ndiyo kamomili. Sista alimfundisha yote kwa maneno machache na vidole vingi. Yachume saa nne, umande ukishakauka. Lipasue ua katikati: likiwa na shimo ndani ni lenyewe, likiwa limejaa ni gugu linalojifanya. Anika kivulini, kamwe si juani. Na ukimwagia maji ya moto, funika kikombe. "Ukiacha wazi," alikuwa akisema, "dawa umeipa dari, mgonjwa umempa maji."

Fransiska alipoposwa na Herman Sulle wa Endasak, chini ya mlima Hanang, Sista alimpa mbegu zilizokunjwa katika karatasi ya kalenda ya kanisa. Zilikuwa laini kama ugoro. Mwaka wa kwanza alizifukia kama mahindi, na haikuota hata moja. Alilia, Herman akamcheka, akamwambia huko kwao Maretadu hata magugu hupandwa kwa kusali. Mwaka wa pili akachukua zile chache alizobakiza, akazitupa juu ya udongo na kuzikandamiza kwa kiganja, na zikaota. Tangu hapo kitalu kile hakikukauka, nyuma ya zizi, mahali ambapo maji hayatuami. Binti yake wa kwanza alimpa jina la Hilda.

Miaka ikaenda. Mtoto akilia tumbo, mama yake alitumwa kwa Mama Hilda. Mzee akikosa usingizi, kwa Mama Hilda. Hakumtoza mtu kitu, na hakuwahi kusema kwamba anatibu kila ugonjwa, maana Sista alimwonya kwamba dawa ya kila kitu ni uongo wa kila mtu. Lakini zahanati ilipompata Lameck, mganga mpya mwenye koti jeupe na sauti ya kutangaza, mambo yalibadilika. Siku moja Fransiska alikwenda kupima shinikizo la damu, na Lameck akauliza mbele ya foleni nzima, "Na wewe mganga wa maua, leo maua yako yameshindwa?" Watu walicheka. Walicheka hata wale ambao watoto wao walilala mikononi mwake. Jina likamganda. Mganga wa maua.

Herman alifariki, Hilda akaolewa Babati na kusema wazi kwamba yeye na jembe wameachana kwa amani. Fransiska akabaki na jambo moja moyoni, na jambo hilo ndilo linalofanya niwasimulie habari zake. Hakutaka sifa, wala fedha, wala kupigwa picha. Alitaka kamomili iwekwe kwenye rafu ya zahanati, katika kopo lenye jina, pamoja na maelekezo ya Sista yaliyoandikwa vizuri, ili siku akifa yeye isife nayo. Ni tamaa ndogo kabisa. Kuna watu hutamani uwaziri.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Desemba, mwaka elfu mbili ishirini na tatu, mlima ulipotema matope juu ya Katesh. Sitaisimulia. Walioiona hawahitaji kusimuliwa, na wasioiona hawataelewa. Niseme tu kwamba baada ya mazishi wengine walihamia kwa ndugu zao, na mmoja wao alikuwa Mary, aliyekuja Endasak kwa kaka yake Hhando. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amewazika watoto wawili, Nikolausi na Tekla, na mume alikuwa ameshapotelea machimboni zamani, hata kwenye mazishi hakuonekana. Watu hawakujua wamwiteje. Mama Nikolausi lilikuwa jina lenye kidonda, kwa hiyo wakaanza kumwita Mary tu, kama msichana asiyewahi kuzaa. Fransiska peke yake aliendelea kumwita Mama Nikolausi, na Mary aliitika kila mara.

Mary hakulala. Mvua ikigonga bati, alikuwa anakaa kitandani ameshika viatu mkononi, tayari kukimbia. Na hakuwa peke yake. Wanawake wengi waliotoka kule walikuwa hivyo hivyo, na wengine ambao hawakupoteza mtu nao waliusikia mlima ule katika usingizi wao.

Habari hizo ndizo zilizomleta Theodory. Alikuwa kijana wa Mbulu mjini, anasomea shahada ya juu chuo kikuu, mpole, mwenye shikamoo kwa kila mtu hata kwa waliomzidi miaka miwili. Alikuwa amesoma kwamba kamomili imechunguzwa katika nchi nyingi, kwamba wapo waliosema inasaidia usingizi na wapo waliosema ushahidi bado mdogo. Alitaka kujua kama kamomili iliyoota katika baridi na udongo wa Hanang ingewasaidia wanawake hawa. Alipoambiwa kwamba kuna mama anayeilima tangu yeye hajazaliwa, alipanda bodaboda siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Keti."

Alimletea kikombe kilichofunikwa kisahani. Theodory alifunua, akanusa, akafumba macho. Fransiska alitazama yale macho yaliyofumbwa na akaona kwamba kweli Mungu hachelewi, huwa njiani.

"Mama, ikionekana inafaa," Theodory alisema, "nitaandika pendekezo iingizwe katika zahanati. Kwa jina la kijiji hiki."

"Na maelekezo?"

"Na maelekezo yako yote."

Kuku akachinjwa.

Theodory alichukua magunia mawili mepesi ya maua makavu, akayapeleka chuoni yakapimwa, yakasagwa, yakatiwa katika vifuko vidogo vya karatasi. Mwezi wa pili mwaka elfu mbili ishirini na tano alirudi. Wanawake arobaini walikusanywa darasani. Akasimama mbele yao na kusema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, "Huu ni utafiti wa kulinganisha, wenye kundi la jaribio na kundi linganishi. Mgawanyo ni wa nasibu, na mshiriki hatatambua yuko kundi gani. Hata mimi mwenyewe sitatambua." Kisha akauliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Wanawake walipiga makofi, na makofi ni adabu, si lazima yawe na maana. Wakatia sahihi, wengine dole gumba.

Maboksi mawili yaliachwa nyumbani kwa Fransiska, maana aliteuliwa kuwa msimamizi wa kijiji. Moja lilikuwa na vifuko vyenye alama ya bluu, lingine alama ya njano. Orodha ilionyesha wanawake ishirini wa bluu na ishirini wa njano, waliopangwa kwa kura. Kila Jumamosi kila mwanamke apewe vifuko kumi na vinne, viwili kwa siku, kwa wiki nane. Kila asubuhi awekewe alama katika daftari: alilala vipi, aliamka mara ngapi.

"Mama, usibadilishe," Theodory alisisitiza. "Wa bluu apewe bluu, wa njano apewe njano."

"Nimeelewa, mwanangu."

Na alidhani ameelewa. Jumamosi ya kwanza aligawa kama orodha ilivyosema, akiwa amevaa kitenge cha Krismasi. Jumapili, baada ya misa, alipokuwa akipanga maboksi yale vizuri ndani ya kabati, pua yake ikamwambia neno.

Boksi la bluu lilikuwa maua yake. Lile la njano halikuwa.

Alichukua kifuko cha njano, akakinusa kupitia karatasi. Akakichana. Ndani yake mlikuwa na nyasi iliyosagwa, safi, isiyo na dhambi wala faida, ya rangi ile ile. Chuo kizima hakikufikiria kwamba kuna pua moja Endasak isiyodanganyika. Wangeweza kumficha hata binti yake Hilda, wasingeweza kumficha harufu ya kamomili.

Akafungua orodha. Akashuka na kidole mpaka jina la Mary. Njano.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, la sivyo mtamhukumu bure. Kwao Fransiska, zamani, nyumba iliyofiwa ilitengwa. Wenye nyumba hawakuchota maji pamoja na wengine, hawakunywa kibuyu kimoja na majirani, hawakukanyaga shamba la mtu mpaka muda wao uishe. Wazee waliita mila hiyo metimani. Kanisa lilihubiri dhidi yake miaka na miaka, na kwa wengi ikapungua, lakini Fransiska alipokuwa na miaka saba bado ilikuwa na meno. Mama yake alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Baada ya hapo aliishi kama ana ukoma. Majirani walioleta uji waliuweka chini mpakani mwa shamba, wakageuka, wakaenda zao, na mama alisubiri mpaka wapotee ndipo aende kuuchukua. Fransiska aliona hayo siku nyingi. Aliona mama yake akila mgongo ukiwa umeelekezwa kwa watu. Alipokua alijiapia kwamba mikononi mwake hakuna aliyefiwa atakayepewa chake pembeni.

Na sasa alikuwa ameshika orodha inayomwambia ampe nyasi mwanamke aliyezika wawili, na maua ampe Imakulata, ambaye hakufiwa na mtu, na aliyekosa usingizi kwa sababu ya kulala mchana.

Jumamosi ya pili aligawa vifuko kwa utaratibu wake. Saba vya bluu na saba vya njano kwa kila mwanamke, bila upendeleo. Kila mtu maua kidogo, kila mtu nyasi kidogo, maana hata nyasi aliona si haki ibebwe na mmoja. Mary aliuliza mbona rangi zimechanganyika. "Ndivyo zilivyo wiki hii," Fransiska alijibu. Na wiki iliyofuata ndivyo zilivyokuwa, na iliyofuata, mpaka ya nane. Daftari alilijaza kwa uaminifu, usingizi wa kila mtu kama alivyousema mwenyewe, chini ya rangi ile ile aliyopangiwa na kura. Hakuona uongo wowote. Aliwaza hivi: wanataka kujua kama kamomili inaleta usingizi, basi wote waipate, wote walale, na jibu litakuwa wazi zaidi. Tena alijiona amewasaidia.

Nia njema ni tabibu, husema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kufanyiwa utafiti.

Na wanawake walilala kweli. Wiki ya nne Mary alikuja asubuhi kuandikisha, na uso wake ulikuwa kama umefuliwa.

"Shikamoo, Mama Hilda."

"Marahaba, Mama Nikolausi. Umelalaje?"

"Nimelala mpaka jogoo."

"Na mvua ile iliyonyesha?"

Mary alifikiri kidogo. "Wanasema ilinyesha," alisema.

Fransiska aliandika alama katika daftari, akaingia ndani, akalia kwa furaha akiwa ameshika mlango. Aliliona lile kopo kwenye rafu ya zahanati. Aliliona na maandishi yake.

Theodory alikusanya daftari mwezi wa nne na kuondoka. Kiangazi kikapita, watu wakavuna, wakapepeta maharage. Mwishoni mwa Oktoba akarudi kuleta majibu, na safari hii Lameck ndiye aliyefungua mkutano, akiwa na koti jeupe lililofungwa vifungo vyote. Theodory alibandika ubaoni karatasi kubwa yenye nguzo mbili zilizochorwa, moja ya bluu, moja ya njano. Zilikuwa na urefu mmoja. Hata mtoto wa chekechea angesema ni pacha.

"Wote mlilala vizuri zaidi kuliko mwanzo," Theodory alisema. Sauti yake haikuwa na furaha. "Lakini mlilala sawasawa."

"Si ndiyo vizuri?" akauliza Imakulata. "Kama tumelala wote?"

Theodory akakuna kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aijue Endasak, akasema jambo kama mtu aliyezaliwa na mkulima.

"Mama, ukitaka kujua kama samadi inafaa, unafanyaje? Unapanda maharage mistari miwili. Mmoja unatia samadi, mmoja hutii. Mavuno yakiwa sawa, unajua samadi haikufanya kitu, ni mvua tu na udongo. Si ndiyo? Sasa hapa bluu ilikuwa kamomili, njano ilikuwa nyasi ya kawaida. Mavuno yamekuwa sawa."

Darasa lote likaelewa kwa pamoja. Wanawake walitikisa vichwa, wakasema aah. Fransiska, aliyekaa benchi la mbele kwa heshima ya usimamizi, alizitazama upya zile nguzo mbili. Mistari miwili ya maharage. Yeye alikuwa amepita usiku na mchana wa wiki saba akitia samadi nusu huku na nusu kule. Kama kijana huyu angeyasema maharage haya mwezi wa pili, kabla ya makofi! Angeyasema tu, kwa pumzi moja, na leo kila nguzo ingekuwa na urefu wake. Lakini mwezi wa pili alikuwa bado ana Kiswahili cha pasi.

Watu walipotawanyika Fransiska alimfuata nje, karibu na pikipiki iliyokuwa ikimngoja, akamweleza yote. Pua, orodha, jina la Mary, saba na saba. Hakuficha kitu. Theodory alisikiliza akiwa ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili. Fransiska alipomaliza, kijana alikaa chini kwenye jiwe.

"Nani mwingine anajua, mama?"

"Mungu na wewe."

"Ripoti imeshapelekwa. Natetea tasnifu yangu baada ya wiki mbili." Alikuwa akisema kama mtu anayejisomea. "Nikiandika hili, kazi ya karibu miaka miwili imekwisha."

"Basi sema ni kosa langu. Niandike jina."

"Hawataandika jina lako. Wataandika kwamba wananchi hawakufuata utaratibu. Hakuna atakayerudi huku tena na utafiti wowote."

"Na kamomili?"

Theodory alitazama mlima. Alikuwa kijana mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mimi; mtu mbaya unamtukana yakaisha. "Kamomili itasubiri, mama," alisema. "Mtu mwingine atakuja siku moja, apime upya."

"Mimi nina miaka sitini na mitatu," Fransiska alisema. "Nitasubiri nayo wapi?"

Alipewa shikamoo ya kuagana, na pikipiki ikaondoka.

Wiki hiyo hiyo Lameck alibandika tangazo kwenye ukuta wa zahanati, chini ya lile la chanjo: utafiti umeonyesha kwamba chai ya kamomili haina nguvu zaidi kuliko majani ya kawaida katika tatizo la kukosa usingizi. Fransiska alikwenda kulisoma mwenyewe, neno kwa neno. Alijiandaa kutukanwa. Lameck akatoka, akamshika mkono kwa upole na kumwita bibi. "Usiumie, bibi. Ulifanya kwa moyo. Sayansi ndivyo ilivyo." Afadhali angemwita mganga wa maua.

Jumapili alisimama nje ya kanisa na kuwaambia wanawake waliobaki wakisalimiana kwamba majibu yale si ya kweli, kwamba yeye ndiye aliyechanganya vifuko. Waliangalia chini. Walimwona bibi mzee anayetetea bustani yake. Imakulata, ambaye alilala wiki nane mfululizo kwa maua ya Fransiska, akamgusa bega. "Mama Hilda, kubali tu yaishe. Kushindwa ni kwa kila mtu." Wakamhurumia, na huruma yao ilikuwa chungu kuliko shubiri. Mary hakuwapo, alikuwa amekwenda Katesh, kwenye makaburi.

Mvua za kwanza za Novemba zikanyesha Jumanne, na zikanyesha kwa nguvu. Jumatano asubuhi, Fransiska akiwa anachuma, maana maua hayajui habari za ripoti na siku yake ya kuchumwa ilikuwa imefika, alimwona Mary anakuja akiwa na kopo la bati mkononi. Lilikuwa kopo ambalo Fransiska alimjazia maua makavu baada ya utafiti, ayatumie mpaka msimu mwingine. Mary alisimama mpakani mwa shamba, kwenye mstari wa minyaa. Hakuingia.

"Shikamoo, Mama Hilda."

"Marahaba, Mama Nikolausi. Pita, umande umeshakauka."

"Nipo sawa hapa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wanasema ulisimama kanisani ukasema vifuko vilichanganywa."

"Nilichanganya mimi."

"Mimi nilikuwa rangi gani? Kwenye karatasi yao."

Fransiska alitamani kusema uongo. Alikuwa na nafasi. "Njano," alisema.

"Njano ni nyasi."

"Ni nyasi. Ilikuwa kura tu, mwanangu, hakuna aliyekuchagulia."

Mary alitikisa kichwa polepole. "Kura ya matope ilinipata," alisema. "Na ya nyasi ikanipata."

"Lakini sikukupa nyasi! Nilikupa saba na saba, kama wote. Ningewezaje kukupa chako pembeni? Ulikunywa maua, Mama Nikolausi. Ndiyo maana ulilala."

"Nililala kwa sababu ya maua?"

"Ndiyo."

"Au ningelala tu?"

"Kwa maua."

"Una hakika?"

Mwaka mmoja nyuma Fransiska angejibu kabla swali halijaisha. Sasa alifungua mdomo, na mbele ya macho yake ikaja ile mistari miwili ya maharage. Hakuna mstari uliobaki bila samadi. Hakuna pa kulinganishia. Labda maua, labda ni kule kukusanyika kila Jumamosi, kuulizwa kila asubuhi umelalaje na mtu anayesubiri jibu. Alikuwa ameielewa sayansi hatimaye, na aliielewa vizuri kuliko Lameck, na ilimwambia kwamba hajui, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyefanya isiwezekane kujua. Akafunga mdomo.

Mary aliuona ule mdomo ukifungwa.

"Jana nilikunywa vikombe viwili," alisema. "Nilifunika, kama unavyosema. Nikasikia ladha ya maji tu. Kila nikifumba macho naliona lile tangazo. Nimekesha na viatu mkononi, Mama Hilda, kama mwanzo."

"Mwanangu..."

"Nilikuwa nalala. Mkaja na karatasi zenu mkaniamsha."

Akainama, akaliweka kopo chini, pale pale mpakani, akageuka na kwenda zake. Fransiska alisimama na kikapu mkononi mpaka Mary alipopotea kwenye kona ya njia. Ndipo akaenda kulichukua.